Muziki wa Vyuo kwa Mkazi wa Kongowe: Uende Wapi, Lini, na Urudije Nyumbani

Kama unaishi Kongowe ya Kibaha, muziki unaousikia usiku wa Jumamosi ni kigodoro cha shughuli ya jirani, au spika za baa kando ya Barabara ya Morogoro, au kwaya iliyojifungia kanisani inafanya mazoezi. Vyote vina utamu wake. Lakini ndani ya mkoa wako huu wa Pwani kuna chuo ambacho wanafunzi wake husomea kupanda jukwaani: Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo watu wazima bado wanaiita Chuo cha Sanaa. Wengi wetu tunakijua kwa tamasha lake la kila mwaka, tena kwa dakika mbili za taarifa ya habari, mgeni rasmi akihutubia. Mwongozo huu unataka kukutoa mbele ya televisheni na kukukalisha ukumbini, kisha kukurudisha Kongowe salama, maana kwenye kurudi ndipo safari nyingi za burudani huharibikia.

Msimu upo, ila haujabandikwa ukutani

Vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vina desturi ya kuchapa ratiba ya muziki ya mwaka mzima kabla mwaka haujaanza. Pale Ann Arbor, jumuiya ya muziki ya Chuo Kikuu cha Michigan imekuwa ikiwaletea wakazi wa mji wanamuziki wa kila aina tangu karne ya 19, na mtu hununua Septemba tiketi ya onyesho la Machi. Huku kwetu usisubiri kijitabu cha namna hiyo. Msimu wetu umejificha ndani ya kalenda ya masomo, na ukishaijua kalenda umeshaujua msimu.

Mwanafunzi wa muziki au ngoma hafanyi mtihani wa karatasi peke yake. Lazima apande jukwaani, apige, acheze, aimbe, na mwalimu amtolee alama. Kwa hiyo wiki za mwisho wa muhula chuo cha sanaa hugeuka nyumba ya maonyesho. Wiki za mwanzo wa muhula hakuna cha kuona: watu wanahangaika na usajili na mabweni. Likizo nayo usiiguse, utakuta geti, mlinzi na upepo wa bahari. Kisha kuna mahafali, ambayo hayakosi burudani, na juu ya yote hayo kuna Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, lililoanza 1982 na ambalo mwaka 2021 lilifikisha mara ya 40. Zamani lilizoeleka kufanyika mwishoni mwa Septemba. Miaka ya karibuni limekuwa likiangukia Oktoba, na safari nyingine Novemba. Ndiyo maana tarehe ya mwaka jana isikupandishe gari mwaka huu.

Nikuambie upendeleo wangu mapema. Kama una nauli ya safari moja tu kwa mwaka, iweke kwenye onyesho la mtihani, siyo kwenye usiku wa ufunguzi wa tamasha. Tamashani kila kikundi hupewa muda mfupi, kwa hiyo kila kikundi huleta kile kinachopigiwa makofi haraka. Katikati yake kuna hotuba, na hotuba ikishaanza hakuna anayejua itaisha lini. Usiku wa mtihani mambo ni tofauti. Mwanafunzi anapiga kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho, mwalimu kakaa mbele na daftari, viti vingi viko wazi, na mkimaliza unaweza kumsogelea kijana ukamuuliza ile ngoma ndefu inaitwaje. Naye anakuhitaji. Kucheza sindimba mbele ya walimu watatu na viti vitupu ni adhabu. Watu wakijaa, mwili wenyewe hubadilika.

Tamasha lina faida yake moja kubwa: mchanganyiko. Siku moja unaona ngoma, maigizo, sarakasi, bendi, vikundi kutoka mikoani na nje ya nchi. Kwa familia yenye watoto wa umri tofauti na mjomba asiyependa kitu kimoja kwa zaidi ya robo saa, tamasha ndilo chaguo.

Kwa nini pale kuna kila kitu

Mchanganyiko huo una historia, na ukiijua utaangalia kwa jicho lingine. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akilihutubia Bunge baada ya kuwa Rais, alitangaza kuunda wizara ya utamaduni. Baada ya hapo likaundwa kundi la ngoma la taifa, wapigaji na wachezaji wakakusanywa Dar es Salaam kutoka mikoa mbalimbali, wakawa wanafundishana: Msukuma akamfundisha Mmakonde bugobogobo, Mmakonde akalipa kwa sindimba. Vijana wengine walipelekwa China kujifunza sarakasi. Chuo cha Bagamoyo kilipoanzishwa 1981 kiliurithi utaratibu huo pamoja na baadhi ya watu wenyewe, na 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi pale hujifunza hasa ngoma zisizo za kwao. Utamwona binti wa Bukoba anacheza mdundiko. Hapo wewe wa Kongowe una kitu ambacho mgeni kutoka Oslo hana. Mdundiko ni wa Wazaramo, wenyeji wa upande wako, na kama umekulia kwenye shughuli za Pwani utajua pale kiuno kinapochelewa kidogo nyuma ya ngoma. Mchukue bibi yako. Atacheka palepale ukumbini, kisha atataka kwenda kumrekebisha mtu, na nina hakika hakuna mwalimu wa ngoma atakayemzuia.

Mtu mmoja wa Bagamoyo lazima umjue kabla hujaenda: Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyekuwa katika kundi la taifa, kisha akahamia Bagamoyo, akapeleka muziki wa Kigogo duniani na kurekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza. Alifariki Desemba 2003, ila watoto na wajukuu wake wameendelea, na ilimba na zeze bado vinafundishwa. Ukipata nafasi ya kuiona ilimba kwa karibu, iangalie vizuri. Ni kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Kwenye kisanduku kuna vitobo vidogo vilivyozibwa kwa utando wa buibui. Ule mvumo unaousikia nyuma ya kila noti, unaoweza kudhani spika imepasuka, unatoka kwenye utando huo, na umewekwa kwa makusudi. Usimlaumu fundi mitambo.

Kujua onyesho lipo au halipo

Kurasa za taasisi mitandaoni hutangaza tamasha vizuri sana na maonyesho ya wanafunzi kwa kusuasua. Kwa haya ya pili njia bora ni mtu. Mpate mwanafunzi mmoja, hata kwa kumfahamu mara moja tu baada ya onyesho, omba namba, na kila mwisho wa muhula mtumie ujumbe. Usipokuwa na mwanafunzi, mtafute mlinzi wa getini. Ofisi itakwambia ratiba ilivyoandikwa, mlinzi atakwambia kinachofanyika kweli.

Ukishapata jibu, uliza mambo matatu kabla ya kukata nauli. Kwanza, saa ya kuanza ni ya tangazo au ya kweli, kwa sababu saa kumi na mbili jioni ya bango ikifika saa moja na nusu usishangae. Pili, kuna kiingilio au ni bure, na watoto je. Tatu, ni ndani ya ukumbi au nje. Jumba la kwanza la maonyesho pale, lililoezekwa makuti, liliteketea kwa moto 2002 na baadaye likajengwa jipya kubwa; lakini maonyesho mengine hufanyika mahali pa wazi, na upepo wa bahari wa usiku haumhurumii aliyekuja na fulana moja.

Barabara

Kutoka Kongowe kwenda Bagamoyo una njia tatu, na hakuna iliyonyooka. Ya kwanza ni kupanda gari la kwenda Mlandizi, kisha kukata kulia kwa barabara ya Makofia hadi kwenye lami ya Bagamoyo na Msata. Kwenye ramani ndiyo fupi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ulizia kwanza hali yake kwa madereva wa Mlandizi. Ya pili ni kurudi Kibaha hadi TAMCO, ushike barabara ya Vikawe kutokea Mapinga, na pale Mapinga unadaka gari lolote linalotoka Dar kwenda Bagamoyo. Ya tatu ni ile ya watu wasiotaka kubahatisha: basi hadi Mbezi, kisha ukatize kutokea upande wa Tegeta na Bunju. Ni mzunguko, unakula muda, ila magari hayakosekani.

Hiyo ni kwenda. Kurudi saa nne usiku kwa daladala kupitia Makofia usijaribu, na bodaboda kwa umbali ule ni kuchezea roho. Una machaguo mawili ya maana. Moja ni kulala: Bagamoyo ina gesti za bei za kila namna, na wakati wa tamasha weka nafasi mapema kwa sababu wasanii wenyewe huzijaza. La pili, ambalo mimi naliona bora zaidi, ni kwenda wengi. Watu kumi na wanne wa mtaa mmoja mkikodi Hiace, gharama ya kila mtu inashuka na hofu ya usiku inaisha. Mwambie dereva tangu mwanzo kwamba ni kwenda, kusubiri na kurudi, mkubaliane saa ya mwisho ya kuondoka, na mlipe nusu. Nusu ya pili aipate akishawashusha Kongowe. Dereva aliyelipwa yote saa tisa alasiri huwa anapata dharura saa mbili usiku.

Mkifika mapema, nendeni soko la samaki kula, maana baada ya onyesho mtakuta majiko yamezimwa. Bebeni kanga ya ziada kwa ajili ya mtoto atakayelala, dawa ya mbu, na noti ndogondogo.

Kukaa, kutunza, kunyamaza

Noti ndogo ni za kutunza, na hapo kuna adabu zake. Kwenye bendi au taarabu, kupanda mbele na kumtunza mwimbaji ni sehemu ya onyesho lenyewe. Nenda kwa madaha yako, rudi ukae. Kwenye mtihani wa mwanafunzi subiri amalize, kwa sababu ukimwekea noti kwenye paji la uso katikati ya kipande anachotolewa alama, unampoteza. Sarakasi nayo isubiri: hakuna noti yenye haraka kuliko mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake.

Makosa mengi ya watazamaji yanatokana na kusikiliza kila kitu kwa namna moja. Ngoma haitaki ukae kama unasubiri kuitwa na daktari. Kuna kiitikio, kiitikie. Kuna kigelegele, kipige, na kama huwezi, mwachie aliye karibu nawe. Zeze ni kinyume chake. Ni kibuyu, nyuzi chache na upinde, sauti yake ni ndogo, na mazungumzo ya safu ya nyuma yanatosha kuiua. Muziki wa dansi unakuruhusu kuinuka. Kwaya inataka utulie hadi noti ya mwisho iishe ndiyo upige makofi. Ukiwa huna uhakika, waangalie wanafunzi wengine waliokaa kando ya jukwaa, ufanye kama wao.

Fika kabla ya muda kwa sababu nyingine moja. Nyuma ya ukumbi, kabla ya onyesho la ngoma, utakuta vijana wamewasha moto wa makuti au maboksi na ngoma zimeelekezwa motoni. Bagamoyo ni pwani, unyevu hulegeza ngozi. Mpigaji huisogeza ngoma kwenye moto, huigonga kwa kidole, hutega sikio, huirudisha tena, hugonga pembeni, hugonga katikati, mpaka sauti ikubali. Wengine huishika zaidi ya dakika kumi. Mtoto aliyeliona hilo ataelewa kwa nini mpigaji anaomba ruhusa katikati ya onyesho na kutoka nje na ngoma begani.

Simu: piga picha mbili tatu, kisha iweke mfukoni. Taa ya simu machoni mwa mchezaji anayeruka na jembe la bugobogobo ni hatari, na jembe hilo ni jembe kweli.

Vyuo vingine, kwa kifupi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko karibu zaidi kuliko watu wanavyodhani: basi hadi Mbezi au Kimara, kisha Ubungo na Mlimani. Sanaa za maonyesho zimefundishwa pale tangu miaka ya 1960, na wanafunzi wa muziki na uigizaji nao wana maonyesho yao ya kupimwa. Majirani wa chuo hicho wana bahati ya muda mrefu. Hata bendi ya Mlimani Park ilianza 1978 kwenye baa yenye jina hilo jirani na chuo, ingawa hilo halikuwa somo la darasani.

Ukivuka maji kwenda Unguja kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanza 2002 katika jengo la zamani la forodha. Huko ndiko kwa kusikiliza ganuni, udi na fidla za taarabu asilia zikipigwa na vijana, kwenye mji ambao kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kimekuwepo tangu 1905. Februari unaweza kuunganisha safari na tamasha la Sauti za Busara. Kwa mpenzi wa kwaya mwenye ndugu Arusha, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilichopo Usa River kinatoa shahada ya muziki.

Na pale Tumbi, mlangoni kwako, kuna Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza 1963 kama mradi wa nchi za Nordic na kukabidhiwa serikali 1970. Si chuo cha muziki. Ila lina shule na vyuo ndani yake, na penye shule na vyuo pana mahafali. Mahafali ya vyuo vya jirani ni onyesho lako la bure la karibu kabisa, ukishavumilia risala.

Kuuleta msimu Kongowe

Mkishaenda Bagamoyo mara mbili tatu, mtu kwenye Hiace atauliza kwa nini wanafunzi wasije wao huku kwetu. Inawezekana, na si ghali kama mnavyofikiri, mradi msitake bendi yenye magitaa na taa za rangi. Ombeni ngoma na sarakasi. Havihitaji umeme, vinahitaji uwanja uliofagiliwa na kivuli cha mwembe kwa ajili ya wazee.

Andikeni barua kwa mkuu wa taasisi mapema, mkitaja tarehe, mahali, idadi ya watu mnaotarajia, na mtakachogharimia: usafiri, chakula na posho. Msiwaombe wiki za mitihani. Wakati mzuri ni baada ya hapo, kazi zikiwa zimeshaiva na alama zimeshatoka. Nakala ya barua iende kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya kata, na mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye atawaelekeza kuhusu kibali na taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa. Polisi nao wajulishwe kwa maandishi. Mambo haya yakianza wiki mbili kabla ni usumbufu; yakianza miezi miwili kabla ni stempu tu.

Tarehe ichagueni kwa kalenda ya Pwani. Mwezi wa Ramadhani ngoma hupumzishwa, kwa hiyo msiuguse. Sikukuu yenyewe kila mtu ana mwaliko wake. Masika itawalowesha. Jumapili ya Juni hadi Septemba, kuanzia saa tisa alasiri na kumaliza kabla ya adhana ya magharibi, inawapa watu wa kanisani na wa msikitini nafasi sawa, na wageni wenu wanarudi Bagamoyo bado kuna magari barabarani.

Halafu msiwaache wageni wafanye peke yao. Kongowe ina wapigaji wake: wazee wa mdundiko, watoto wa madrasa wenye kaswida, kwaya mbili tatu, na vijana wa mchiriku na singeli ambao hakuna anayewaalika kwenye shughuli rasmi. Wapeni kila mmoja robo saa. Anzeni na watoto ili wazazi waje, wekeni sarakasi katikati pale watu wanapoanza kuondoka, na ngoma ya wanafunzi iwe ya mwisho, wazee wa mdundiko wakiwa wamekaa mbele kabisa. Uwezekano ni mkubwa kwamba wataingia uwanjani bila kuitwa. Mshereheshaji asiwazuie.

Chakula cha wasanii kiwe tayari wanaposhuka kwenye gari, siyo baada ya onyesho. Wanasarakasi hawatakula sana kabla ya kuruka, ila maji, ndizi na kivuli wanavihitaji mara moja.

Jambo la mwisho ni anwani. Kongowe ziko mbili, na watu wengi wa Dar wakisikia jina hilo wanawaza Mbagala, njia ya Kilwa. Kwenye barua, kwenye bango na kwa mtu wa spika andikeni "Kongowe ya Kibaha, Barabara ya Morogoro", na mpeni dereva namba ya simu ya mtu atakayesimama kituoni kuanzia saa saba mchana.